Kromati ikibadilika rangi, sumu haijaondoka

Wapo vijana hapa Mombasa wanaofanya kemia nyumbani, na huambiana kwamba ukitia asidi kwenye kromati ya njano (chumvi yenye madini ya kromiamu) mpaka igeuke rangi ya chungwa, sumu imevunjika. Si kweli. Ile ya chungwa ni dikromati, na kromiamu iliyomo ni ileile ya hali ya +6, yaani iliyopungukiwa elektroni sita, inayosababisha saratani ya mapafu vumbi lake likivutwa. Ukitia magadi ya kutosha, unjano unarudi. Hakuna kilichoharibiwa.

Kinachopunguza hatari ni kuipa kromiamu elektroni hadi ishuke kwenye +3. Vitamini C, ndani ya maji yenye asidi, huifanya kazi hiyo, na rangi huwa ya kijani au samawati iliyofifia. Baada ya hapo, magadi huitenga kama tope la kijani. Hapo wengi hujisahau: ukichanganya tope hilo na jiki, klorini yake inaweza kuirudisha kromati, na unjano wake ndio ushahidi.

Tope lenyewe si la kumwaga chooni. Kisauni na Likoni watu wengi hutumia maji ya visima, na mashimo ya vyoo hayako mbali. Litiwe kwenye chupa yenye lebo, lipelekwe kwa wanaoshughulikia taka za kemikali. Glavu ni lazima, na kamwe usisage kromati kavu. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hilo. Binafsi, asiye na maabara ningemshauri aanze na chumvi za shaba.