Møre og Romsdal: wilaya tatu zisizo na ofisi

Mashabiki wa Manchester United wanamkumbuka Ole Gunnar Solskjær kwa bao la dakika za nyongeza mwaka 1999. Wachache wanajua kwamba alizaliwa Kristiansund, akasajiliwa na Manchester akitokea Molde, kisha akarudi kuinoa Molde na kuipa ubingwa wa Norway mwaka 2011 na 2012. Ukitazama ramani utaona miji miwili jirani ndani ya mkoa mmoja. Kwa wenyeji ni wilaya mbili, Nordmøre na Romsdal, na hakuna anayezichanganya.

Mkoa huo ni Møre og Romsdal, pwani ya magharibi ya Norway, wenye watu takriban 270,000. Una wilaya tatu: Sunnmøre kusini, Romsdal katikati, Nordmøre kaskazini. Wanafunzi wanaojiandaa kwenda kusoma vyuo vya Molde au Volda hutuuliza makao makuu ya wilaya yako wapi. Jibu huwashangaza: hayapo. Wilaya hizi hazina mkuu wa wilaya, hazina baraza, hazina bajeti. Zamani kila moja ilikuwa chini ya ofisa wa mfalme aliyekusanya kodi. Cheo hicho kilifutwa, mipaka ikabaki vichwani mwa watu.

Mamlaka yenyewe yako ngazi mbili. Chini kuna manispaa, na hapa msomaji wa Tanzania aweke kando maana aliyoizoea, kwa sababu Norway hata kisiwa cha wavuvi ni manispaa. Smøla ina watu wapatao 2,000 tu, lakini ina baraza na meya wake sawasawa na Ålesund, mji mkubwa kuliko yote mkoani. Manispaa ndiyo inayoendesha shule za msingi, madaktari wa familia, utunzaji wa wazee, maji na majitaka, na ndiyo inayoamua nani ajenge wapi. Juu yake kuna mkoa, makao yake Molde, wenye baraza linalochaguliwa kila baada ya miaka minne. Kwa hilo unafanana zaidi na kaunti ya Kenya kuliko mkoa wa Tanzania. Mkoa unashughulika na shule za sekondari ya juu, barabara zake, mabasi, vivuko vingi na matibabu ya meno. Hospitali si za manispaa wala za mkoa. Ni za serikali kuu, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka.

Kwa miaka mingi Molde ilikuwa na hospitali yake na Kristiansund yake. Ilipoamuliwa ijengwe moja mpya kwa ajili ya Romsdal na Nordmøre zote mbili, swali likawa: wapi? Desemba 2014 likachaguliwa eneo la Hjelset, ndani ya manispaa ya Molde. Kristiansund waliandamana. Kwenye karatasi hakuna wilaya iliyoshindwa, maana kisheria hazipo. Kwa mtu wa Nordmøre, hospitali ilikuwa imekwenda Romsdal.

Kiini cha mgawanyiko huu ni milima na maji. Hapa bahari imeingia nchi kavu kwa mikono mirefu myembamba, na kati ya mkono na mkono kuna milima inayosimama wima. Trollveggen, huko Rauma, ni ukuta wa mwamba wenye karibu mita 1,000 za kwenda juu moja kwa moja. Watu walisafiri kwa mashua, na kila wilaya ikatazama upande wake wa bahari. Kikanisa, Sunnmøre ilikuwa chini ya askofu wa Bergen hadi 1983, ilhali wenzao walikuwa chini ya Trondheim. Molde na Kristiansund zilipewa hadhi ya mji mwaka mmoja, 1742. Ålesund ilisubiri hadi 1848, ikaungua karibu yote usiku mmoja wa Januari 1904, ikajengwa upya kwa mawe na matofali katika miaka michache. Hata jina la mkoa liliwahi kuleta maneno: kuanzia 1919 uliitwa Møre tu, Romsdal ikiwa imeachwa nje, na jina la sasa likaja 1936.

Leo mkoa una viwanja vinne vya ndege vya abiria. Ukiuliza kwa nini vinne kwa watu wachache hivyo, nitakujibu: Ålesund, Molde na Kristiansund kila mji una chake, na kimoja ni cha Ørsta na Volda.

Kiuchumi manispaa hazifanani hata kidogo. Aukra ina mtambo wa Nyhamna unaosafisha gesi ya Ormen Lange, ambayo husafirishwa kwa bomba la chini ya bahari hadi Uingereza, na kodi ya majengo pekee huiletea fedha nyingi. Sunndal ina kiwanda kikubwa cha alumini, Ulstein inajenga meli, Sykkylven inatengeneza viti. Ålesund na Kristiansund zimeishi kwa samaki waliotiwa chumvi na kukaushwa, ambao zamani walianikwa juu ya miamba. Sehemu ya shehena ya samaki wa namna hiyo kutoka Norway huishia Kongo, ambako wanajulikana kama makayabu.

Stranda ina mzigo wa aina nyingine. Watalii huijua kwa Geirangerfjord, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2005. Lakini juu ya Sunnylvsfjord, mkono wa bahari ambao Geirangerfjord ni tawi lake, kuna mlima Åkneset, ambao ubavu wake unateleza polepole na kupimwa saa zote. Aprili 1934, huko Tafjord, jirani tu, mwamba uliporomoka majini, wimbi likainuka na kuua watu 40. Wataalamu wa serikali hupima mlima. Kuwahamisha watu wa vijiji vya Geiranger na Hellesylt kunahitaji mipango iliyoandaliwa na manispaa yenyewe mapema.

Mipaka ya manispaa nayo haitulii. Rindal ilihamia mkoa wa Trøndelag mwaka 2019, Halsa ikafuata 2020, ingawa zote mbili bado ni za Nordmøre kimila. Mwaka huohuo wa 2020 manispaa nyingi ziliunganishwa. Fræna ya Romsdal na Eide ya Nordmøre zikawa Hustadvika, manispaa moja yenye miguu katika wilaya mbili. Haram iliunganishwa na Ålesund kwa uamuzi wa Bunge, ikakataa kutulia, na tarehe 1 Januari 2024 ikawa manispaa tena. Matokeo yake ni kituko cha ramani: kisiwa cha Harøya kimebaki Ålesund, lakini ukitoka huko kwa gari kwenda mjini unapita kwanza ndani ya Haram.

Sasa manispaa ni 27. Ukishika ramani inayozitaja Skodje, Midsund au Fræna kuwa manispaa, ni ya kabla ya 2020. Isipoonyesha Haram, imechorwa kati ya 2020 na 2023.