Msimu wa timu ya chuo katika futiboli ya Kimarekani

Katika ligi za soka tulizozizoea, msimu ni hesabu. Kila timu hukutana na kila nyingine nyumbani na ugenini, pointi hujumlishwa, na anayeongoza msimamo siku ya mwisho ndiye bingwa, hata kama nusu ya ushindi wake ulipatikana kwa penalti za dakika za majeruhi. Futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani haiendi hivyo. Msimu wa timu ya chuo ni orodha fupi ya mechi, nyingine zikiwa zimepangwa miaka kadhaa kabla, ambayo ikikamilika hupelekwa mbele ya watu wakaipime uzito wake. Timu hushinda uwanjani, lakini thamani ya ushindi wenyewe huamuliwa mezani, na mtu asiyelielewa hilo ataona mijadala ya Wamarekani kuhusu mchezo huu kuwa ni kelele tupu.

Sababu ya kwanza ni wingi wa timu. Mwaka 2024 daraja la juu la futiboli ya vyuo lilikuwa na timu 134, na kila moja hucheza mechi 12 tu za kawaida, kati ya mwisho wa Agosti na mwisho wa Novemba, mara moja kwa wiki na kwa kawaida siku ya Jumamosi. Mchezo huu ni wa kugongana miili, kwa hiyo hakuna anayefikiria kuongeza mechi za katikati ya wiki. Vyuo vimejigawa katika makundi yanayoitwa konferensi, lakini hata ndani ya konferensi moja timu hazikutani zote. Big Ten, ambayo licha ya jina lake sasa ina vyuo 18 kuanzia New Jersey hadi Los Angeles, huipa kila timu mechi tisa za ndani, maana yake ni kwamba karibu nusu ya wenzake haiwaoni kabisa msimu huo.

Mechi zinazobaki chuo hujitafutia chenyewe. Hapo ndipo chuo kikubwa hukilipa chuo kidogo fedha nzuri kije kucheza ugenini, kifungwe, na kirudi nyumbani na hundi ya kuendeshea idara yake ya michezo. Hakuna anayejifanya kwamba ni siri.

Matokeo ya msimu huandikwa kwa namba mbili, ushindi kwanza na kushindwa baadaye: 12-0, 10-2, 5-7. Sare hazipo tangu 1996, ulipoanza utaratibu wa muda wa nyongeza katika mechi za msimu. Namba hizo, hata hivyo, hazitoshi, kwa sababu 11-1 ya timu iliyopambana na vigogo si sawa na 11-1 ya timu iliyokutana na wanyonge. Ndiyo maana lazima apatikane mtu wa kuamua. Kuanzia 1936 waandishi wa habari wa shirika la Associated Press walipiga kura ya kupanga timu bora; kati ya 1998 na 2013 kura zilichanganywa na hesabu za kompyuta ili kupata timu mbili za fainali; na tangu 2014 iko kamati ya watu 13 ambayo ilichagua timu nne za kuingia mtoano, kisha kuanzia msimu wa 2024 timu 12. Kamati hutangaza orodha yake kila Jumanne ya wiki za mwisho za msimu, na orodha ya mwisho hutoka Jumapili, siku moja baada ya fainali za konferensi.

Mfano unaofichua utaratibu huu kuliko mwingine wowote ni wa Florida State, chuo cha mjini Tallahassee, mwaka 2023. Timu hiyo, chini ya kocha Mike Norvell, ilianza kwa kuifunga LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, 45-24, ikaishinda Clemson ugenini katika muda wa nyongeza, na ikaendelea bila kupoteza hata mechi moja. Tarehe 18 Novemba ilicheza na North Alabama, chuo cha daraja la chini, yaani mojawapo ya zile mechi za hundi. Katika robo ya kwanza Jordan Travis alivunjika mguu. Travis alikuwa kwotabeki, mchezaji anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua aurushe, aukabidhi kwa mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Hakuna nafasi katika soka inayobeba mzigo kama huo. Florida State ilishinda siku hiyo kwa 58-13, na katika mechi isiyo na uzito wowote ikawa imempoteza mtu wake muhimu kuliko wote.

Ilichofanya baada ya hapo kinastahili kuangaliwa kwa makini. Iliishinda Florida, chuo kingine cha jimbo hilohilo, 24-15 ugenini ikiwa na kwotabeki wa akiba. Huyo naye alipokosa kucheza wiki iliyofuata, iliingia fainali ya konferensi na kijana wa mwaka wa kwanza, ikamfunga Louisville 16-6 kwa nguvu ya safu ya ulinzi. Rekodi ikasomeka 13-0, na ubingwa wa konferensi juu yake. Asubuhi iliyofuata, tarehe 3 Desemba, kamati ilizitaja timu nne: Michigan, Washington, Texas na Alabama. Texas na Alabama zilikuwa zimepoteza mechi moja kila moja. Florida State iliwekwa ya tano. Haikuwahi kutokea, tangu mtoano uanze, bingwa wa mojawapo ya konferensi kubwa ambaye hajashindwa aachwe nje.

Maelezo ya kamati yalikuwa kwamba bila Travis timu ile haikuwa tena ile iliyoshinda mechi za mwanzo, na kanuni ziliwaruhusu kuzingatia wachezaji wasiokuwepo. Alabama, kwa upande wake, ilikuwa imetoka kuifunga Georgia, bingwa wa miaka miwili mfululizo. Travis mwenyewe aliandika hadharani kwamba alitamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi katika msimu, ili watu waone kuwa timu ile ilikuwa zaidi ya kwotabeki wake. Kwa maoni yangu sentensi hiyo inaeleza tatizo kuliko uchambuzi wowote. Kamati iliulizwa nani amestahili, ikajibu nani anaelekea kushinda. Swali la kwanza linahusu mambo yaliyokwisha kutendwa, la pili ni utabiri. Maswali hayo mawili yamefungwa pamoja katika dhana ya msimu wa chuo, na miaka mingi jibu huwa moja, kiasi kwamba watu husahau kuwa ni maswali mawili.

Wanaoitetea kamati huonyesha yaliyotokea tarehe 30 Desemba, Florida State ilipofungwa 63-3 na Georgia katika Orange Bowl, mojawapo ya mechi za mwaliko za mwisho wa msimu. Ushahidi huo ni dhaifu. Wachezaji wengi wa Florida State hawakushiriki siku hiyo, wengine wakijilinda kwa ajili ya kuingia ligi ya kulipwa na wengine wakiwa njiani kuhamia vyuo vingine, kwa hiyo timu iliyopigwa haikuwa ile iliyoachwa nje.

Kuongeza nafasi kutoka nne hadi 12 kulibadilisha uzito wa kushindwa. Ohio State ya 2024 ilipoteza kwa Oregon 32-31 mwezi Oktoba, kisha tarehe 30 Novemba ikapoteza nyumbani 13-10 mbele ya Michigan, mahasimu wao wa jadi, ambao msimu huo walikuwa wa kawaida sana. Ulikuwa mwaka wa nne mfululizo kufungwa na Michigan, na mashabiki walitaka kocha Ryan Day afukuzwe. Kwa utaratibu wa zamani msimu ungeishia hapo, maana kamati iliiweka Ohio State ya sita. Kwa utaratibu mpya iliingia mtoano, ikaifunga Tennessee 42-17, kisha ikakutana tena na Oregon, ambayo ilikuwa haijashindwa, na kuongoza 34-0 kabla ya mapumziko; mwisho ulikuwa 41-21.

Nusu fainali dhidi ya Texas ilikuwa nyembamba zaidi. Ohio State ikiongoza 21-14, zikiwa zimebaki dakika mbili na ushee, Texas walikuwa yadi nane kutoka mstari wa kufungia na jaribio moja tu mkononi kabla ya kulazimika kuuachia mpira. Jack Sawyer wa safu ya ulinzi alimfikia kwotabeki Quinn Ewers, ambaye waliwahi kuishi chumba kimoja walipokuwa wote Ohio State, akaupangusa mpira kutoka mkononi mwake, akauokota na kukimbia nao yadi 83 hadi upande wa pili. Tarehe 20 Januari 2025 mjini Atlanta, Ohio State iliifunga Notre Dame 34-23 na kutwaa ubingwa kwa rekodi ya 14-2. Bingwa wa mwisho mwenye vipigo viwili kabla ya hapo alikuwa LSU wa msimu wa 2007.

Je, msimu wa 2024 wa Ohio State ulikuwa bora kuliko ule wa 2023 wa Florida State? Kikombe kinasema ndiyo. Rekodi inasema hapana. Mashabiki wa soka hawana haja ya kuuliza swali kama hilo, kwa kuwa msimamo wa ligi huwa umeshawajibia.

Timu nyingi hazifiki mtoano, na kwao kipimo ni kingine. Ushindi sita kwa kawaida huiwezesha timu kualikwa katika mechi za bouli, zinazochezwa mwezi Desemba na mwanzoni mwa Januari katika miji yenye hali ya hewa ya kupendeza au yenye wadhamini. Rose Bowl ya California, iliyochezwa kwa mara ya kwanza 1902, ndiyo kongwe kuliko zote. Ndiyo maana mechi ya Novemba kati ya timu mbili zenye rekodi ya 5-6 huweza kuchezwa kwa jasho kama fainali.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huwashangaza wageni. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hakitoi chenyewe ubingwa wa futiboli katika daraja la juu. Kitabu chake cha kumbukumbu huorodhesha tu mabingwa waliotajwa na vyombo mbalimbali vinavyotambulika. Msimu wa 2017, UCF, chuo kikuu cha Central Florida kilichoko Orlando, ilimaliza 13-0 lakini haikuitwa mtoanoni, na ubingwa ukaenda kwa Alabama. UCF ilijitangazia ubingwa, ikawalipa makocha marupurupu ya bingwa na kufanya gwaride katika Disney World. Orodha moja ya kompyuta iliiweka ya kwanza, na kwa sababu orodha hiyo ni miongoni mwa zinazotambuliwa, jina la UCF limo katika kitabu cha NCAA pamoja na la Alabama.