Galileo hayumo kwenye bidoni yangu

Juma lililopita mteja wangu wa barabara ya Kasenga alinifungulia lango, akaitazama bidoni ya nitrojeni niliyoifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akashusha sauti kama mtu anayeulizia bidhaa ya magendo: "Dokta, humu ndani hakuna ka dozi kamoja ka Galileo? Mi nitalipa dola." Ni wa nne mwaka huu kuniulizia mbegu ya Galileo, yule farasi dume wa mbio wa Ireland, ilhali bidoni yangu ina mbegu za ng'ombe tu. Wa kwanza nilicheka naye, wa pili na wa tatu niliwaeleza taratibu. Huyu nilimwambia ashike mkia wa ng'ombe anyamaze, halafu njiani kurudi mjini nikaona haya. Basi nimeamua kuyaandika, ili wa tano nimtumie asome.

Lubumbashi ina farasi wachache mno, lakini wajuzi wa farasi wamejaa tele. Wanatazama mbio kwenye simu, wanaweka dau, na wote wamesikia habari za zile nyumba mbili kubwa za farasi wa mbio zinazoshindana: Coolmore ya John Magnier kule Tipperary, Ireland, na Godolphin ya Sheikh Mohammed wa Dubai, ambayo madume yake hupandisha chini ya jina la Darley. Wakishasikia hayo, wanakuja kwangu.

Dhana: "Hizi kampuni zinauza mbegu za madume yao kama mbegu za ng'ombe."

Haziuzi. Hazijawahi kuuza, na haziruhusiwi. Farasi wa damu safi wa mbio sharti atokane na dume kumpanda jike, mwili kwa mwili. Akipatikana kwa mrija wa mbegu iliyogandishwa haandikwi kwenye kitabu cha ukoo, na asiyeandikwa hakimbii Epsom wala Longchamp wala popote penye mbio za damu safi. Kitabu hicho Waingereza walianza kukichapa mwaka 1791 na hawana haraka ya kukilegeza. Na kabla hujaniuliza: aliyetengenezwa maabara kwa kunakili mwili wa farasi mwingine haandikwi pia.

Najua mkanganyiko unatoka wapi. Ni mimi. Mnaniona nikichomoa mrija kwenye moshi wa nitrojeni wa nyuzi 196 chini ya sifuri, nauyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, navaa glavu hadi begani, kisha baada ya miezi tisa mna ndama wa Frizoni ambaye baba yake alikufa zamani kwenye nchi msiyoijua. Mnadhani wanyama wote ni hivyo. Galileo alikufa Julai 2021 akiwa na miaka 23, na duka likafungwa siku hiyohiyo. Hakubaki hata tone la kuuza.

Kazi yenyewe kule inakwenda hivi. Jike anapimwa kwa ekografi, mashine ya kuona ndani ya tumbo, mpaka daktari aone yai linakaribia kushuka. Anaoshwa, mkia unafungwa bendeji, miguu ya nyuma inavishwa viatu laini ili akirusha teke asimvunje dume la mamilioni. Mtu mmoja kashika kichwa cha jike, mwingine kamba ya dume, wa tatu yuko ubavuni. Dakika chache, kwisha. Kabla ya hapo dume la hali ya chini limeshaletwa kumnusa jike na kujaribu kama amekubali, kisha linarudishwa bandani bila kitu. (Nikilala usiku nalihurumia hilo kuliko yote.)

Sasa fanya hesabu, maana hapa ndipo ushindani wenyewe ulipo. Msimu wa kaskazini unaanza katikati ya Februari unaishia mwanzoni mwa Julai. Dume mwenye soko anapanda majike mawili hadi manne kwa siku, na si wote wanaoshika mara ya kwanza. Jike anabeba miezi 11, anazaa mmoja. Kwa hiyo fahali wangu mmoja wa Frizoni anaweza kuwa na watoto maelfu kwa maelfu, lakini farasi dume anapata wachache kwa mwaka, na foleni ni ndefu. Ndiyo sababu mwaka 2024 kupandishiwa na Dubawi, dume la Godolphin pale Newmarket, kulikuwa pauni 350,000 kwa jike mmoja. Na kwa kuwa mbegu haisafiri, dume mwenyewe ndiye anayepanda ndege: akimaliza Ireland, baadhi yao wanapelekwa Australia kuanza msimu wa kusini. Coolmore ndio waliolifanya hilo kuwa biashara kubwa.

Kama mirija ingeruhusiwa, ugomvi wa hawa wakubwa ungekwisha wiki moja. Kila mmoja angeagiza mbegu ya mwenzake kupitia mtu wa tatu, basi. Lakini mirija haipo, kwa hiyo ukitaka damu ya Galileo njia ni mbili: umpeleke jike wako Tipperary ukamlipe Magnier, au ukae mnadani umwinulie mkono mwana-farasi wake. Mwaka 2005 Sheikh Mohammed alizifunga njia zote mbili. Watu wake wakaacha kununua watoto wa madume ya Coolmore. Hali ikadumu mpaka 2017. Angalia walichokikosa: Galileo aliongoza madume yote ya Uingereza na Ireland, kwa fedha walizoshinda watoto wake mbioni, mwaka 2008, halafu kila mwaka kuanzia 2010 hadi 2020. Mara 12. Kumsusia dume wa namna hiyo, wakati hana mrija, ni kama mwenye kinu kugoma kununua mahindi.

Dhana: "Wanachukiana kama Mazembe na Lupopo, timu zetu za mpira, damu haichanganyiki."

Fahali wawili hawakai zizi moja, aliniambia mwingine, tena kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Hawa wanakaa bonde moja! Hunter Valley, Australia, wote wawili wana mashamba. Na Darley ina shamba Ireland kwenyewe, Kildangan, katika kaunti ya Kildare.

Kushindana wanashindana kweli. Mwaka 2001 Galileo alimpiga Fantastic Light wa Godolphin pale Ascot mwezi Julai. Septemba, Leopardstown, Fantastic Light akalipa kisasi, wamekabana shingo kwa shingo hadi mstarini. Hiyo mbio itafuteni, iko kwenye intaneti. Lakini kwenye damu ni mashemeji. Hata wakati wa kususa, Darley ilikuwa inapandisha kwa Teofilo na New Approach, wote wawili watoto wa Galileo waliolelewa nje ya Coolmore. Rangi ya bluu ya Godolphin iliposhinda mbio za Derby za Epsom kwa mara ya kwanza, mwaka 2018, mshindi alikuwa Masar, mtoto wa New Approach. Mjukuu wa Galileo. Mwaka 2021 wakashinda tena kwa Adayar, mtoto wa Frankel, na Frankel ni mtoto wa nani? Galileo. Ghaiyyath wao, baba Dubawi, mama binti wa Galileo. Mwaka 2025 wamechukua mbio za Uingereza ziitwazo 2000 Guineas kwa Ruling Court, ambaye baba yake ni Justify, dume la Coolmore kule Kentucky. Shabiki wa Lupopo akinunua jezi ya Mazembe kule Kamalondo, nyumbani kwa Mazembe, watu watamshangaa. Huku ndiyo biashara ya kila msimu.

Dhana: "Aliyenunuliwa ghali ndiye atakayekimbia."

Mwaka 1983, mnadani Keeneland, Marekani, Sheikh Mohammed alishindana na kundi la Robert Sangster, mshirika wa Magnier, akamchukua mwana-farasi Snaafi Dancer kwa dola milioni 10.2. Hakukimbia hata mara moja, na alipopelekwa kupandisha akazalisha watoto wanne tu. Mwaka 2006 ikawa zamu ya Coolmore: dola milioni 16 kwa The Green Monkey, aliyeshindaniwa na watu walewale wa Dubai. Mbio tatu, ushindi hakuna. Kwa upande mwingine, Northern Dancer, babu wa Galileo na chanzo cha utajiri wote wa Coolmore, alipokuwa wa mwaka mmoja aliwekwa sokoni Kanada kwa dola 25,000 na wanunuzi wakampita kwa sababu ni mfupi. Mwaka 1964 akashinda Derby ya Kentucky.

Dhana: "Dume ndiye kila kitu."

Hii nyinyi wafugaji mnayo hata kwa ng'ombe. Mnataka mbegu bora, mnaiweka kwenye jike lenye mbavu za kuhesabika. Mama wa Galileo ni Urban Sea, aliyeshinda mbio za Arc za Paris mwaka 1993, na huyohuyo, kwa dume jingine, ndiye aliyemzaa Sea The Stars, bingwa wa 2009. Sitasema zaidi.

Na la mwisho, kwa wanaobishana baa: Aidan O'Brien, kocha wa farasi wa Coolmore, si mtoto wala mpwa wa Vincent O'Brien aliyeianzisha pamoja na Magnier na Sangster. Jina tu.

Mimi bidoni yangu ina Frizoni na Brauni Swisi. Ukimwona mtamba amesimama tuli huku wenzake wanampanda asubuhi, niite jioni ileile, usingoje kesho. Tena muwe mmemfunga kabla sijafika, na maji ya uvuguvugu yawe tayari.