Siku ya 14 na mengine tunayodanganyana kuhusu kushika mimba

Shoga yangu alinionyesha kalenda iliyotundikwa jikoni kwake, zile ambazo maduka ya dawa hugawa mwisho wa mwaka. Ilikuwa Novemba. Karibu kila mwezi ulikuwa na tarehe moja iliyozungushiwa kalamu nyekundu, na mumewe alishazoea kwamba usiku wa kiduara hakuna kuchelewa kurudi. Miezi kumi na moja, viduara kumi, mimba hakuna. Nikamuuliza mzunguko wake ni wa siku ngapi. "Thelathini na tano, mara nyingine thelathini na sita." Viduara vyote alikuwa ameviweka siku ya 14 ya mzunguko.

Mimi ni muuguzi, na nimeona kalenda kama hiyo mara nyingi mno.

"Siku ya 14 ndiyo yenyewe"

Ni yenyewe, yaani siku yai linapotoka, kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Kipande kisichoyumba sana ni kile cha mwisho: tangu yai litoke hadi damu inayofuata ni kama siku 14, zikipungua au kuzidi ni kidogo. Kinachorefuka na kufupika ni kipande cha mwanzo. Kwa hiyo hesabu huanzia nyuma. Chukua urefu wa mzunguko wako, ukihesabu siku damu inapoanza kuwa ya kwanza (si inapokatika, wengi hukosea hapo), kisha toa 14. Wa siku 24 atapata siku ya 10. Shoga yangu wa 35 anapata ya 21. Walikuwa wanakutana wiki nzima kabla ya wakati, halafu wanapumzika wiki ileile yenye kazi.

Mzunguko usiotabirika hauendi na hesabu hii. Hapo ute wa ukeni husema kweli kuliko kalenda: siku chache kabla ya yai kutoka huwa mwingi, mwepesi, unateleza, ukiushika unavutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi la kuku. Inasikitisha kwamba wapo wanaouona kila mwezi na kukimbilia duka la dawa kununua dawa ya fangasi.

"Lazima muipatie siku yai linapotoka"

Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume, zikikuta ule ute, zaweza kukaa hadi siku 5 zikingoja. Mtafiti Allen Wilcox na wenzake walifuatilia wanawake 221 wa North Carolina, Marekani, waliokuwa wanatafuta mtoto, na mwaka 1995 wakachapisha walichokiona: mimba zilitokana na tendo la ndani ya siku sita zinazoishia siku yai linapotoka. Kuanzia siku ya pili yake, hakuna. Kwa hiyo anayesubiri kwanza ahakikishe yai limetoka anakuwa amechelewa. Kukutana kila baada ya siku moja wiki hiyo kunatosha, na kinyume na wanavyosema vijiweni, mwanaume kukaa muda mrefu "akiweka akiba" hakumsaidii. Mbegu zilizolala sana hupungua mwendo.

Siku hizo bado tunaziita "siku za hatari", hata anayezitafuta kwa udi na uvumba.

"Kizazi chake kichafu, kinatakiwa kusafishwa"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana imekula pesa za watu. Mfuko wa uzazi hujisafisha wenyewe. Hedhi ni ukuta wake wa ndani ukimwagwa ili mwingine uanze kujengwa. Kusafishwa hospitalini kuna sababu zake, kama mabaki baada ya mimba kuharibika. Kukwangua mfuko usio na tatizo kunaweza kuacha makovu yatakayoizuia mimba yenyewe. Vidonge vya mitishamba vya kuweka ukeni ndivyo vibaya zaidi, huvuruga bakteria walinzi wa sehemu ile.

"Kizazi kimegeuka" nayo imewaliza wengi. Karibu mwanamke mmoja kati ya watano ana mfuko ulioinamia nyuma. Ni umbile, kama mtu kuwa mashoto, na mbegu hupita vilevile.

Kuziba kwa mirija, hilo ni tatizo la kweli. Kisonono na klamidia visivyotibiwa huacha makovu ndani ya mirija, na humo ndimo yai na mbegu hukutana, si ndani ya mfuko kama wengi wanavyodhani. Lakini kovu haliyeyushwi na unga wa kukoroga kwenye uji, hata kama namba ya muuzaji imebandikwa kwenye kila nguzo ya umeme mtaani. Mirija hupimwa kwa eksirei inayopigwa huku dawa maalumu ikipitishwa kwenye mfuko.

"Baada ya tendo, miguu juu ukutani"

Laleni. Kinachotiririka nje zaidi ni maji, zilizokuwa za kwenda zimeshakwenda.

"Sindano ya uzazi wa mpango imemharibu"

Imemchelewesha. Baada ya sindano ya miezi mitatu, yai linaweza kuchukua miezi mingi kurudi kwenye ratiba, hata karibu mwaka. Ukitoa kitanzi au kuacha vidonge, kwa kawaida mambo hurudi upesi.

"Mume wangu rijali, tatizo ni mimi"

Nguvu za kitandani na wingi wa mbegu ni vitu viwili. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zake zote, maji yakatoka kama kawaida, na ndani yake pasiwe na mbegu hata moja. Mwenye mtoto wa zamani naye hajasalimika. Sindano za homoni za kiume wanazopigana vijana wa jimu ili wajaze misuli huzima kiwanda cha mbegu. Katika ndoa zinazohangaika kupata mtoto, karibu nusu upande wa mume una mchango.

Bado utamkuta mke ameshapigwa ultrasaundi tatu na eksirei moja, na mume hajakojolea hata kikopo. Si mkojo unaotakiwa, ni mbegu, lakini ndivyo wengi wao wanavyokisema, wakicheka huku wameangalia pembeni. Kipimo chake ndicho chepesi kuliko vyote. Kikitoka vibaya hurudiwa, maana mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa, na homa kali ya juzi inaweza kuonekana kwenye majibu ya baadaye.

Kliniki huenda wote wawili baada ya miezi 12 ya kujaribu, au 6 kama mke amevuka miaka 35. Asiyeona siku zake vizuri, au aliyewahi kuugua mirija, asingoje.

Shoga yangu alikuwa amebakiza mwezi mmoja. Kwenye Desemba hakuchora kiduara. Alivuta mstari, siku ya 16 mpaka ya 22 ya mzunguko wake, na pembeni, kwa kalamu ileile nyekundu, akaandika jina la mumewe na neno moja: kikopo.