Lenzi ya kupigia mpira Sokoine: usianze na namba kubwa

Vijana wanaoanza kupiga picha za mpira hapa Mbeya hunitumia WhatsApp picha ya lenzi ya 150-600mm (milimita zikiongezeka, lenzi inavuta mbali zaidi), na chini yake swali fupi: "Kaka, niichukue?" Mara nyingi nawajibu wasubiri kwanza. Sina ugomvi na 600. Ni lenzi nzuri, nitaisifia mbele kidogo. Lakini kama kazi yako ni mechi za saa kumi jioni pale Uwanja wa Sokoine, iwe ni Mbeya City au Tanzania Prisons, pesa yako itafanya kazi zaidi kwenye 70-200mm yenye f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inafunguka zaidi na kupitisha mwanga mwingi), hata ikiwa ni ya mtumba, hata ikiwa imechubuka rangi.

Tuanze na mita. Uwanja wa kawaida wa ligi una mita 105 kwa 68. Wanaoishi kwa kazi hii hawajaribu kuumaliza uwanja wote. Wanachagua goli moja, wanakaa, wanasubiri mpira uje. Ukishapewa kizibao cha wapiga picha na kuruhusiwa kushuka, nafasi yako ni nyuma ya mstari wa goli, kati ya mlingoti na kibendera cha kona. Mshambuliaji akipokea mpira ukingoni mwa kumi na nane, katikati, anakuwa mita 25 hivi kutoka ulipokaa.

Hesabu ya kipande ambacho lenzi inakamata kwa umbali huo haihitaji shule kubwa: chukua umbali kwa mita, zidisha kwa upana wa sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga) kwa milimita, gawanya kwa milimita za lenzi. Sensa ndogo za APS-C, ambazo ndizo tulizonazo wengi, zina upana wa 23.5mm kwa Nikon na Sony, na 22.3mm kwa Canon. Fulu-fremu, yaani sensa kubwa, ni 36mm. Kwa hiyo Nikon ya APS-C yenye lenzi ya 200mm, kwa mita 25, inachukua kipande cha karibu mita 2.9 kwenye upande mrefu wa picha. Isimamishe kamera wima: mchezaji wa mita 1.75 anajaza zaidi ya nusu ya fremu, na juu yake panabaki nafasi ya mpira wa kichwa. Huhitaji zaidi ya hapo. Akiwa mita 50, karibu na katikati ya uwanja, kipande kinapanuka hadi mita 5.9, na kwa kamera ya megapikseli 24 bado unaweza kukata pembeni ukapata picha ya kuweka mtandaoni bila aibu.

Sasa goli limeingia. Mfungaji anakimbilia kona, anakuja moja kwa moja kwako, yuko mita nane. Mwenye 150-600, hata akiirudisha mwanzo kabisa, kwa 150mm anapata kipande cha mita 1.25: uso na bega, mikono imekatwa, wenzake wanaomrukia hawamo. Mwenye 70-200 anarudi kwenye 70, anapata mita 2.7, na watu watatu wanaingia na mdomo wazi. Mhariri wa michezo akiletewa picha ya shuti na picha ya kushangilia, mimi najua atakayoichukua.

Halafu kuna mwanga, na hapa ndipo lenzi nyingi za bei rahisi zinapokwama. Kwenye karatasi Mbeya tuna bahati. Tuko kama nyuzi sita za longitudo magharibi ya Dar es Salaam, kila nyuzi moja ni dakika nne za jua, na saa ya nchi ni moja. Ndiyo maana jua letu linachelewa kuzama kwa zaidi ya dakika ishirini. Mechi ya saa kumi inaisha huku jua likiwa bado lipo. Lakini njoo Februari, kipindi cha pili, wingu limeshuka kutoka mlima Loleza na manyunyu yanaanza. Bahati yote ya longitudo imekwisha.

Kwa mpira wa miguu sishuki chini ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya sekunde 1/1000 kama naweza kuepuka. Kwa 1/500 kiatu kinachopiga shuti hupoteza umbo na mpira unakuwa yai. Chukua basi jioni ya wingu ambapo 1/1000 kwa f/2.8 inakutaka ISO 1600 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga ulioupata). Lenzi ya f/4 inapitisha nusu ya mwanga huo, kwa hiyo utapanda hadi ISO 3200. Ya f/5.6 inapitisha robo: ISO 6400. Hiyo 150-600, ambayo ukiivuta mpaka mwisho inabaki na f/6.3, inakutaka ISO 8000. Kwa kamera nyingi za sensa ndogo zilizopo mtaani, kutoka 1600 hadi 8000 ni safari ya kutoka picha safi hadi chengachenga tupu, na jezi ya zambarau ya Mbeya City ndiyo inayoumia kwanza kwenye vivuli.

Hiyo f/2.8 inakusaidia pia kabla hujabonyeza. Kamera ya DSLR, ile yenye kioo cha kuakisi ndani, inatafuta fokasi (ukali wa picha) lenzi ikiwa wazi kabisa, hata kama umepanga kupiga kwa f/8. Lenzi inayofunguka zaidi inaipa mwanga zaidi wa kufanyia kazi, na kamera nyingi zina pointi za fokasi za katikati ambazo usahihi wake huongezeka zikipata f/2.8. Nyongeza ni kwamba mabango ya wadhamini na watu wa jukwaani wanayeyuka nyuma ya mchezaji. Viwanja vyetu vina vitu vingi nyuma: uzio, magari, muuza karanga, askari amegeuka anatazama mpira badala ya mashabiki.

Kizuia mtikisiko, ile IS ya Canon au VR ya Nikon, wauzaji wanaisifia sana. Inatuliza mkono wako, haimtulizi mchezaji. Kwa 1/1000 mchango wake ni mdogo. Ukikuta 70-200 f/2.8 isiyo nayo kwa bei nzuri, usiikimbie.

Uzito, basi. Canon EF 70-200mm f/2.8L IS II ina karibu kilo moja na nusu, ilhali ndugu yake wa f/4L IS ya kwanza ana nusu ya hapo, gramu 760. Mtu anayepiga zaidi mechi za mchana, na harusi Jumamosi, ile ya f/4 inamtosha, na mgongo wake utamshukuru.

Nilisema nitaisifia 600. Kuna siku hupewi kizibao. Unakaa jukwaani na mashabiki, mchezaji wa karibu yuko mita 40 au 60, na hapo 200mm inakuacha na njaa. Kuna mbio za barabarani, mkimbiaji anakuja upande wako asubuhi yenye jua, unataka kumpata peke yake kabla kundi halijamfunika. Hapo 100-400mm ni tamu, na ile ya Sigma ya f/5-6.3 ina kilo moja na ushee tu, unaibeba mkononi mpaka mbio ziishe. Na kuna Ubaruku, kule Mbarali, kwenye uwanja wa Highland Estate, ambapo Novemba 2022 Ihefu waliifunga Yanga 2-1 na kukata mwendo wake wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Bonde la Usangu liko chini kuliko huku mjini, jua lake ni kali, mwanga umejaa mpaka dakika za mwisho.

Ila joto hilo hilo lina hila yake. Ardhi ikishapata moto, hewa iliyo juu ya nyasi inacheza, na ukivuta 500 au 600 kuvuka uwanja unapiga mazigazi. Picha inatoka laini kama imekosa fokasi, kijana anaanza kuilaumu lenzi, anaipeleka kwa fundi. Lenzi haina kosa. Hakuna kioo cha bei yoyote kinachosafisha hewa hiyo. Dawa ni kusogea karibu, au kusubiri jua lishuke.

Tuje kwenye kununua. Wengi wetu tunanunua mtumba Dar, mzigo unapakiwa kwenye basi, unaupokea stendi ya Nane Nane. Ukiweza, usinunue hivyo. Nenda mwenyewe, au mtume mtu anayejua kamera, kwa sababu lenzi hukaguliwa kwa mkono. Toa vifuniko vyote viwili. Washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma, wewe utazame kutoka mbele, kwa pembe, si moja kwa moja. Vumbi chembe mbili tatu ni kawaida, picha haiioni. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba kama mizizi, zinazoanzia ukingoni mwa kioo: hiyo ni fangasi. Muuzaji atakuambia, "Bosi, hiyo inafutika." Huwa iko kati ya vioo vya ndani, lenzi lazima ifunguliwe, na ikishakaa muda mrefu inakula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo. Iache hapo mezani. Huku kwetu, hasa ukiwa unaishi upande wa Tukuyu ambako mvua haina likizo, fangasi iliyoingia na lenzi itanenepa.

Zungusha pete ya kuvutia kutoka 70 hadi 200 na kurudi, taratibu. Ikikwaruza kama ina mchanga, au ikiwa na sehemu moja ngumu, iliwahi kuanguka. Kisha ifunge kwenye kamera yako, si kamera ya dukani, toka nje mpaka barabarani. Weka fokasi ya kufuatilia, ile inayoitwa AI Servo kwenye Canon na AF-C kwenye Nikon, fungua f/2.8, fuata bodaboda inayokuja upande wako, piga mfululizo. Kuza picha kwenye skrini, tazama taa ya mbele ya pikipiki. Kama fremu nyingi ziko kali, lenzi inajua kazi. Kama zote zimekosa, na ukali uko kwenye lami mbele au nyuma ya gurudumu kwa umbali ule ule, fokasi imehama. Baadhi ya kamera zina menyu ya kuirekebisha, nyingi za bei ya chini hazina.

Wenye Nikon wana mtego wao. Kamera za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ile 80-200mm f/2.8D ya zamani, ambayo bei yake hukufanya ucheke peke yako, itafunga vizuri kwenye D5300 yako lakini utafokasi kwa mkono mechi nzima. Tafuta herufi AF-S. Wenye Canon, lenzi za EF zinaingia kwenye kamera zote za DSLR za EOS, na kwenye zile mpya za RF kupitia adapta, bila kupoteza fokasi.

Kiangazi kuna vumbi, masika kuna matope. Lenzi nyingi za 70-200 f/2.8 hazirefuki ukivuta, kila kitu kinatembea ndani. Zile 100-400 na 150-600 nyingi zinatoa shingo nje, na kila zikitoka na kurudi zinavuta hewa pamoja na kilichomo. Mvua ikija, usitegemee kupata mfuko wa plastiki getini kama zamani, maana mifuko ile ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Mpelekee fundi cherehani kitambaa cha mwavuli uliovunjika, mwambie akushonee soksi yenye mpira pande zote mbili. Inafanya kazi kuliko vingi vinavyouzwa.

Kama mfuko haufiki kwenye f/2.8, usikope. Canon EF-S 55-250mm IS STM ni nyepesi, inafokasi haraka, na kwa mashindano ya shule yanayochezwa mchana itakutoa vizuri. Isichanganywe na 75-300mm, ambayo hukaa pembeni yake kwenye kabati la duka na ina namba inayovutia zaidi. Fokasi yake ni nzito, na haina kizuia mtikisiko. Telekonveta ya 1.4x, kile kipande kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili ivute zaidi, nayo iwaachie wenye f/2.8 tayari: inageuza 200 kuwa 280 kwa gharama ya nusu ya mwanga, hivyo f/2.8 inakuwa f/4. Ukiifunga nyuma ya lenzi ya f/5.6 unabaki na f/8, na DSLR nyingi hapo zinaacha kabisa kutafuta fokasi. Hiyo pesa afadhali iende kwenye monopodi (mguu mmoja wa kuegemeza kamera) na memori kadi yenye kasi, maana kadi nzito inaifanya kamera isimame kuandika wakati mpira uko ndani ya kumi na nane.