Mchoro wa Njozi Hausomwi kwa Orodha ya Ishara

Tangu tufungue maonyesho ya michoro ya njozi, dawati letu la elimu limekuwa likipokea lalamiko lilelile: maelezo ya ukutani hayasemi picha ina maana gani. Wapo wanaotaka tubandike orodha: fuvu ni kifo, nyoka ni shetani, mwezi ni mwanamke. Hatutaibandika, na ni haki yenu kujua sababu.

Chukueni "Kisiwa cha Wafu" cha Mswisi Arnold Böcklin, alichoanza kukichora mwaka 1880. Mwamba umechomoza majini, ubavuni umechongwa vyumba vya makaburi. Katikati miti ya misaipresi imesimama wima, myeusi, imebanana. Maji yametulia tuli. Mashua ndogo inasogea, na ndani yake mtu aliyefunikwa nguo nyeupe tangu kichwani amesimama karibu na jeneza.

Wengi wakishaliona jeneza husema wameelewa, wakahamia picha inayofuata. Lakini jeneza na huyo mtu mweupe havikuwamo mwanzoni! Mjane Marie Berna aliagiza picha yake ya mandhari hiyohiyo, akaomba viwekwe kwa kumkumbuka mumewe. Baadaye Böcklin akaviongeza hata kwenye ile ya kwanza. Majonzi yalikuwa yameshaingia kabla ya ishara.

Yalipitia wapi? Tazameni mistari. Miti na mwamba vinapanda juu, maji yamelala, hakuna kinachoyumba. Kisha tazameni mwanga: unagonga mwamba pande zote mbili, na katikati, pale mashua inapoelekea, ni giza lisiloonyesha mwisho. Rangi hufuata baadaye. Mtunzi Mrusi Sergei Rachmaninoff alitunga muziki wenye jina hilohilo mwaka 1909 baada ya kuona nakala ya rangi nyeusi na nyeupe tu.

Hata jina lisiwaamulie. "Kisiwa cha Wafu" ni jina la mfanyabiashara wa sanaa Fritz Gurlitt. Böcklin alikuwa akisema kisiwa cha makaburi. Na katika toleo la mwaka 1883, chumba kimojawapo cha kaburi upande wa kulia kina herufi A.B., za mchoraji mwenyewe. Orodha gani ingewaambia hilo?

Anayetaka kukagua vitu vidogo namna hiyo asivuke mstari wa sakafuni. Mwanga wa kamera hauruhusiwi. Anayegusa turubai ya picha hutolewa ukumbini, tukio huandikwa kitabuni, jina na saa, na picha hukaguliwa na fundi wa uhifadhi kabla ukumbi haujafunguliwa tena. Ikionekana imeharibika, suala hupelekwa kwa uongozi. Kidole kikavu nacho huacha mafuta, kwa hiyo "niligusa kidogo tu" si utetezi.

Maombi ya kuondoa picha "za kichawi" yaandikwe kwenye fomu, yakitaja namba ya picha. Fomu iliyoandikwa "inatisha" peke yake tutairudisha. Elezeni hofu hiyo imewaanzia sehemu gani ya picha, nasi tutawajibu kwa maandishi.