Maji ya Nakuru hayashushwi pH kwa asidi

Wiki hii nimeulizwa swali moja mara tatu. Mtu ana tangi la samaki la lita 500, anataka kubadilisha nusu ya maji, na mfereji wake unasoma pH 8.3 (pH ni kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali). Atie asidi kiasi gani ili ishuke?

Asitie. Maji mengi ya visima virefu vya huku Nakuru hupita kwenye miamba ya volkano, yakabeba baikaboneti tele, chumvi inayoishikilia pH juu, pamoja na ile floridi inayowatia watoto wetu meno ya kahawia. Asidi ikikutana na baikaboneti hutoa kabonidioksidi, na pH inashuka ukiitazama. Pampu ya hewa ikikesha, gesi inatoka, asubuhi unakuta 8 tena. Anayeumia kwa huko kupanda na kushuka ni samaki.

Mimi nachanganya na maji ya mvua. Hayo karibu hayana baikaboneti, kwa hiyo pipa la mvua kwa pipa la mfereji hupunguza baikaboneti hadi nusu, na haipandi tena usiku. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi naiacha ioshe mabati. Mchanganyiko nautilia jiwe la hewa usiku kucha ndipo nipime, maana maji yaliyotoka kisimani sasa hivi yana gesi na husoma chini ya pH yake halisi. Klorini naiondoa kwa thiosulfati ya sodiamu.

Ila pima tangi kwanza, tafadhali. Kuna tangi nililoliongezea maji ya mvua matupu kwa miezi. Bakteria wanaosafisha amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, hula baikaboneti. Ilipowaishia, pH ikafika 6.2, kazi yao ikadorora, na uchafu ukarundikana kama amoniamu, ambayo haina sumu kubwa. Nikatia nusu maji ya mfereji. Saa moja haikupita, samaki walikuwa wananing'inia juu ya maji, midomo wazi, matamvua mekundu kama nyama mbichi. pH ilipopanda, amoniamu iligeuka amonia. Kwa nyuzi 25, kwenye pH 7 amonia yenye sumu haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Nilizika samaki tisa.

Tangi likiwa limeshuka hivyo, pima amonia, punguza chakula, kisha badilisha asilimia 10 kwa siku, ukipima kila asubuhi. Kubadilisha maji mengi kwa mara moja kungoje mpaka pH ya tangi na ya pipa zikaribiane.